Hadithi za Njia Panda na Haki ya Msikilizaji

Ipo aina ya hadithi ambayo haisomwi moja kwa moja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kama tulivyofunzwa shuleni. Msomaji husoma kipande kifupi, kisha husimamishwa na kuulizwa: je, utaingia pangoni, au utarudi kijijini? Akichagua pango huelekezwa ukurasa mmoja, akichagua kijiji huelekezwa ukurasa mwingine, na huko nako huulizwa tena, hata afike kwenye mmojawapo wa miisho mingi iliyotungwa. Katika simu na kompyuta hakuna ukurasa wa kufunua. Msomaji hubonyeza maneno tu na kipande kinachofuata hujitokeza. Sisi tutaziita hadithi za njia panda, mpaka wenye dhamana ya istilahi watupatie jina lililo bora zaidi.

Kwa kuwa vyombo vya kuandikia hadithi hizi siku hizi hupatikana bure, wapo vijana wetu wanaozitunga kwa Kiswahili, na zipo ofisi zinazoziagiza kwa ajili ya mafunzo. Jambo hilo twalipokea kwa furaha. Lakini pamoja na hadithi hizo limekuja dai moja linalorudiwa kama kasuku arudiavyo salamu: kwamba mtindo huu umemkomboa msomaji, kwamba zamani msomaji alikuwa mtumwa wa mwandishi, na sasa yu huru kwa sababu anachagua. Dai hili si kweli. Na kwa kuwa si kweli, limewafanya baadhi ya watungaji waandike hadithi dhaifu huku wakidhani wameandika za kisasa.

Wazee wenzetu wanaosema kwamba haya yote ni michezo ya watoto, hayafai kuzungumzwa katika kitabu cha utamaduni wa taifa, hatutawajibu kwa urefu. Kitendawili nacho ni mchezo wa watoto, na hakuna asiyejua kilivyotulea.

Tutazame kwanza asili ya mtindo wenyewe, maana wengi hudhani umezaliwa na kompyuta. Mwaka 1930 wanawake wawili wa Marekani, Doris Webster na Mary Alden Hopkins, walitoa kitabu kiitwacho Consider the Consequences!, ambamo msomaji huwaamulia wahusika mambo yao ya posa na ndoa. Mwaka 1967 Mfaransa Raymond Queneau alitunga kisa kifupi cha punje tatu za njegere. Tangu mwanzo msomaji huulizwa kama ataka kusikia habari za njegere hizo, akikataa huletewa habari nyingine, na akizikataa zote hadithi huisha hapo hapo. Sisi hilo halitushangazi. Msimulizi wa pwani akisema Paukwa asiitikiwe Pakawa, hufunga kinywa chake akaenda kulala.

Aliyeueneza mtindo huu duniani ni mwanasheria wa Marekani, Edward Packard. Alikuwa na desturi ya kuwasimulia binti zake hadithi usiku kabla hawajalala, na alipoishiwa la kusema aliwauliza wao: je, mhusika wetu afanye nini sasa? Kila mtoto akatoa njia yake. Kutokana na usiku ule aliandika, mwaka 1969, hadithi ya kisiwa cha miwa iliyokuja kuchapishwa mwaka 1976. Na mwaka 1979 kampuni ya Bantam ilianza kutoa mfululizo ulioitwa Choose Your Own Adventure, ukitanguliwa na kitabu chake The Cave of Time. Vitabu vya mfululizo huo viliuzwa nakala zaidi ya milioni 250.

Twaomba habari hiyo itazamwe vema. Mtindo huu ulizaliwa kinywani mwa baba, usiku, mbele ya watoto waliokuwa na haki ya kujibu. Nao waliweza kujibu lolote. Kama mmoja angesema, “Mhusika na akae chini alie,” baba angelazimika kusimulia kilio. Ilipopigwa chapa, haki hiyo iliondoka. Msomaji wa kitabu hawezi kujibu lolote. Aweza kujibu mawili au matatu tu, nayo ameandikiwa na mtu asiyemjua. Basi hao wanaotuambia kwamba msomaji wa njia panda amekombolewa, wamemlinganisha na nani? Wakimlinganisha na msomaji wa riwaya ya kawaida, pengine amepata kitu. Wakimlinganisha na msikilizaji wa hadithi jikoni kwa bibi, aliyeweza kukatiza, kupinga, kucheka mahali pasipochekwa na kudai wimbo urudiwe, amepokonywa mengi akarudishiwa mawili.

Wala mwandishi hawezi kumpa zaidi, hata angependa. Hesabu yamzuia. Hadithi yenye njia panda 10 zinazofuatana, kila moja ikiwa na njia mbili tu, na njia zisikutane kamwe, itakuwa na miisho 1,024. Ili kuifikia miisho hiyo mwandishi ataandika vipande 2,047, ilhali msomaji mmoja katika safari moja atasoma vipande 11. Hakuna mtungaji mwenye akili timamu atakayeifanya kazi hiyo, na akiifanya itakuwa maji yaliyozidi unga. Kwa hiyo watungaji wote hutumia moja ya hila mbili, au zote mbili kwa pamoja. Hila ya kwanza ni kumwua msomaji mapema: ukiingia pangoni waliwa na mnyama, mwisho. Hila ya pili ni kuziunganisha njia: upite msituni au upite ufukweni, utafika mji ule ule, umkute mtu yule yule, akwambie maneno yale yale.

Hila hii ya pili ina mfano mashuhuri. Katika Maonyesho ya Dunia ya Montreal ya mwaka 1967, watu wa Chekoslovakia wakiongozwa na Radúz Činčera walionyesha filamu iliyoitwa Kinoautomat. Kila kiti kilikuwa na vitufe viwili, chekundu na cha kijani. Filamu ikifika njia panda ilisimama, mtu akatokea jukwaani mbele ya pazia, akawauliza watazamaji wapige kura, na walio wengi wakapata waliyotaka. Watu walifurahi mno. Lakini filamu ilikuwa imetengenezwa hivi, kwamba kura zote mbili zilirudi kwenye njia panda ile ile iliyofuata, na chochote watu walichopigia kura, jengo liliteketea kwa moto. Činčera alijua analolifanya. Ilikuwa ni dhihaka. Wanaomwiga leo hawafanyi dhihaka. Wao hujenga milango miwili ya kuingilia chumba kimoja, wakaandika tangazo mlangoni: hapa ndipo penye uhuru.

Packard mwenyewe, kwa ukweli kabisa, alikuwa mkweli kuliko wasifu wake. Mwaka 1982 alitoa kitabu Inside UFO 54-40, chenye ukurasa unaosimulia jinsi ulivyoifikia sayari ya raha isiyo kifani. Na hakuna chaguo hata moja kitabuni linaloelekeza kwenye ukurasa huo. Atakayeufikia ni yule tu aliyekataa maelekezo, akafunua kurasa ovyo. Mtoto aliyegundua jambo hilo alikuwa amefundishwa somo kubwa juu ya machaguo ya kuandikiwa, na amefundishwa na mwandikaji wenyewe.

Sasa tuje kwetu. Taifa hili halikuwa likingoja kampuni za ng'ambo liletewe njia panda. Nani kati yetu hakusimuliwa habari za fisi aliyefika mahali njia ilipogawanyika, akasikia harufu ya nyama kutoka njia zote mbili, akatia miguu ya kulia huku na ya kushoto huku, hata akapasuka msamba? Kisa hicho ni kifupi kuliko barua ya kuomba ruhusa, lakini chasema jambo ambalo wapenzi wa uhuru wa msomaji hawalisemi: kuchagua ni kuacha. Fisi hakukosa njia, alikosa kuacha. Msomaji wa hadithi za njia panda, kinyume chake, ni fisi asiyepasuka. Huweka kidole katika ukurasa alioutoka, akachungulia mbele, akiona mauti hurudi nyuma akashika njia ya pili, kana kwamba hakuna lililotokea. Hatusemi kwamba kurudi nyuma ni dhambi, maana kurudi ni tabia ya mtindo wenyewe na utamu wake. Twasema tu kwamba mtungaji asiyejua hilo ataandika machaguo yasiyo na uzito wowote, na msomaji ataonja huku na huku kama mpita njia sokoni asiye na fedha.

Tena tuna hadithi za mtanziko. Zimetapakaa Afrika nzima, hata Mmarekani William Bascom akazikusanyia kitabu mwaka 1975. Ndugu watatu walisafiri. Wa kwanza akanunua kioo cha kuonea ya mbali, wa pili mkeka wa kurukia, wa tatu dawa ya kufufulia. Kioo kikawaonyesha binti waliyempenda wote yu maiti, mkeka ukawafikisha, dawa ikamfufua. Nani amwoe? Hapo msimulizi hunyamaza. Hana jibu mfukoni. Waliokaa kitako huanza kubishana: huyu asema bila kioo wasingejua, yule asema kioo kingewaliza tu bila ya mkeka, wa tatu asema mwenye dawa ndiye peke yake aliyetumia mali yake ikaisha, hali wenzake wangali na kioo chao na mkeka wao. Usiku hukatika. Katika ubishi huo watoto hujifunza kupima haki, kusikiliza na kushindwa kwa heshima.

Kitendawili ni kitu kingine. Kitendawili huulizwa na anayejua jibu, na jibu ni moja. Asiyelijua huambiwa atoe mji, naye hutoa, kisha huambiwa. Vyote viwili ni mali yetu na kila kimoja kina mahali pake. Ila ni udanganyifu kumtegea mtu kitendawili ukamwambia kwamba umempa mtanziko.

Na huo ndio udanganyifu tunaoukuta katika hadithi nyingi za mafunzo. Tuliwahi kuletewa mezani, katika kazi zetu za utumishi, muswada ulioagizwa na ofisi moja kwa ajili ya wasichana wa shule. Msichana wa kidato cha pili atoka shuleni, dereva wa bodaboda amwambia apande bure. Msomaji aulizwa: apande au akatae? Akikataa, anashinda mitihani na kuwa daktari. Akipanda, katika sentensi tatu anapata mimba, anafukuzwa shule, na chini yake yameandikwa maneno haya: umechagua vibaya, rudi nyuma uchague tena.

Tulikataa kuupitisha, tukaambiwa kwamba sisi washairi hatuelewi mambo ya mafunzo. Haya, tuyaeleze. Msichana yule atembea saa mbili kutoka shuleni hadi nyumbani. Jua limekwisha kuzama, mvua yanyesha, na njia yapita kando ya pori. Akikataa pikipiki yapo ya kuyaogopa njiani. Akiipanda yapo mengine. Njia zote mbili zina gharama, na ndiyo maana uamuzi wake ni mzito. Mtungaji ameifuta mvua, amelifuta pori, ameufuta umbali, akambakizia msomaji swali ambalo hata mtoto wa chekechea analijua jibu lake. Msichana halisi akiusoma muswada ule atabonyeza jibu linalotakiwa, maana hajambo kwa kujibu mitihani, kisha kesho jioni atasimama njiani mvuani hana msaada wowote aliopewa na hadithi. Na huo “mwisho” wake haukuwa hata mwisho wa kweli, kwa kuwa mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni. Mtungaji aliyetaka kusema kweli angekuwa na hadithi nzima ya kuandika kuanzia pale yeye alipoandika neno “mwisho”: atakayemlea mtoto, jinsi baba mzazi atakavyopokea habari, darasa litakavyomtazama siku ya kwanza. Hapo ndipo palipokuwa na njia panda.

Tutaulizwa: ikiwa hesabu haituruhusu matawi mengi, na ikiwa kuunganisha njia ni hila, mtungaji afanyeje? Jibu letu ni kwamba afundishe hadithi yake kukumbuka. Njia zaweza kukutana bila udanganyifu, maadamu hadithi haisahau msomaji alipitia wapi. Jambo hili lawezekana katika vyombo vilivyopo. Ipo programu iitwayo Twine, iliyotolewa na Mmarekani Chris Klimas mwaka 2009, ambayo humwonyesha mtungaji vipande vyake kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Ipo Ink, ya kampuni ya Inkle ya Uingereza, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2016. Zote mbili humruhusu mtungaji kuagiza kwamba jambo fulani liwekwe akilini mwa hadithi, na baadaye kipande kiandikwe kwa namna moja au nyingine kulingana na jambo hilo. Hata karatasi yaweza. Mwaka 1982 Waingereza Steve Jackson na Ian Livingstone walitoa The Warlock of Firetop Mountain, chenye vipande 400, na msomaji aliandika kwa penseli nguvu zilizombakia na vitu alivyobeba.

Tuchukue mfano tuliojitungia. Kijana amefika Nyamisati alfajiri, ataka kuvuka kwenda Kilindoni, Mafia, kwa mamaye mgonjwa. Chini ya mti ameketi mzee anashona tanga. Chombo chaonekana tayari, na abiria wengine wanakimbilia majini. Msomaji aulizwa: utasimama umwamkie mzee, au utapita? Chochote atakachochagua, chombo hakiondoki, kwa sababu maji yamekupwa na mikoko imebaki mizizi wazi. Mtungaji mvivu ataishia hapo, na salamu haitakuwa imemsaidia wala kumdhuru mtu. Mtungaji mwenye utu ataiambia hadithi ikumbuke. Mchana, maji yakijaa, nafasi ni moja na wanaoitaka ni wawili. Nahodha ageuka kumtazama mzee, kumbe ndiye mwenye chombo. Ikiwa aliamkiwa alfajiri, mzee atamwuliza kijana ni mtoto wa nani, na itatokea kwamba amjua mama yake tangu usichana, na habari za ugonjwa atakuwa amekwisha kuzipata. Ikiwa hakuamkiwa, hatauliza kitu. Ataendelea kushona, na kijana itambidi aeleze shida yake mbele ya watu wote, kwa sauti, akiwa amesimama ndani ya maji hadi magotini. Katika hali zote mbili huenda akavuka. Lakini katika hali ya kwanza amevuka kama mwana wa watu, katika ya pili kama mzigo.

Tazama jinsi gharama ya kazi hiyo ilivyo ndogo. Hakuna vipande 2,047. Kuna njia moja, jambo moja la kukumbukwa, na kipande kimoja kilichoandikwa mara mbili. Na shikamoo ambayo kwa mtungaji wa kigeni ingekuwa neno la kupitisha tu, kwetu ni njia panda kamili, yenye umri, malezi na jina la ukoo ndani yake. Machaguo ya namna hii tunayo tele: kula au kutokula unapokaribishwa, kukaa juu ya kiti au juu ya mkeka, kutaja jina la baba au kulificha, kupokea mzigo wa mgeni au kuutazama. Hakuna joka wala pango.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya lugha yenyewe, maana vyombo hivi vimetengenezwa na watu wa Kiingereza na vimebeba tabia za Kiingereza. Katika lugha hiyo mtungaji huacha pengo katika sentensi, na mashine hujaza jina la kitu chochote msomaji alichookota; sentensi haitikisiki. Kiswahili hakikubali. Msomaji akiokota kisu, umekiokota, nacho ni kizito. Akiokota panga, umeliokota, nalo ni zito. Mkuki umeuokota nao ni mzito, ngao umeiokota nayo ni nzito. Jina likibadilika, sentensi nzima husimama na kulipokea, kama watu barazani wanavyosimama mgeni anapoingia. Tumeona hadithi za simu zilizoandikwa bila kulijua hilo, zikamwambia msomaji kwamba panga lake “iko kizito”. Mtoto akizoea kusoma maneno kama hayo miaka mitatu, mwalimu wa Kiswahili atakuwa anapanda mbegu juu ya mwamba. Dawa yake si ngumu: mtungaji aandike sentensi nzima kwa kila kitu, au aihifadhi ngeli ya jina pamoja na jina. Ni kazi ya ziada. Anayeiona nzito asiandike kwa Kiswahili.

Kwa upande mwingine lugha yetu imempa mtungaji zawadi ambazo hajazitumia. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kupanga mapema kama mhusika ni mume au mke, au aandike kila kipande mara mbili; sisi twasema alifika, akaketi, akamwita, na sentensi yawafaa wote. Twaweza kumficha mtu wa jinsia isiyojulikana kurasa arobaini bila kutumia hila yoyote.

Na zawadi iliyo kubwa zaidi ni hii. Kiingereza cha leo kina neno moja la kumwambia mtu mmoja na watu wengi. Vitabu vya njia panda vilipotafsiriwa, neno hilo liligeuzwa kuwa “wewe” bila mtu kufikiri: unaingia, unatazama, unakufa. Mhusika akawa mpweke, na msomaji akawa mpweke. Lakini sisi tuna “ninyi”. Hakuna sheria inayotuzuia kuandika: mmefika njia panda, mwaamua nini? Neno hilo moja huirudisha hadithi mahali ilipotoka, yaani mbele ya watu waliokaa pamoja. Katika shule zetu, ambamo mara nyingi kitabu kimoja husomwa na watoto kadhaa, hilo laweza kuwa manufaa badala ya upungufu. Mwalimu asome kipande, afike njia panda, anyamaze. Watoto wabishane. Wanyooshe mikono. Na kabla ukurasa haujafunuliwa, walioshindwa kura wapewe nafasi ya kusema kwa nini wangeshika njia nyingine, na maneno yao yaandikwe ubaoni, ili hadithi ikienda mrama watu wakumbuke nani aliyeonya. Kidole cha fisi hakitakuwepo tena, kwa kuwa ukurasa umo mkononi mwa mwalimu na darasa zima ni shahidi.

Wapo watakaosema kwamba kitabu cha namna hiyo kitahitaji fedha nyingi na mafundi. Hebu tuhesabu tena, safari hii kwa upande wetu. Hadithi yenye njia panda nne tu, njia zake zisikutane hata kidogo, ina miisho 16 na vipande 31 kwa jumla. Vipande 31 vyaenea katika kitabu cha kurasa 64 chenye picha. Mitambo ya kukichapa tunayo, watungaji tunao, na wabishi hatujapungukiwa. Yabaki jambo moja la kuwaomba watakaokitunga: katika ile miisho 16, walau minane isiwe na neno “mwisho” chini yake, bali swali la mtanziko ambalo mtungaji mwenyewe hana jibu lake, na baada ya swali waache nusu ukurasa mweupe kwa ajili ya mwandiko wa darasa.